Mkojo Unaochoma: Tumpime Binti Kabla ya Kumhukumu

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona: mkojo unaochoma, hasa kwa wasichana na akina mama vijana. Akina baba tunawaomba msigeuze ukurasa. Mkisoma mpaka mwisho mtaona kwamba nanyi mna kazi hapa, tena si ndogo.

Tulianza kulifikiria somo hili kwa sababu ya binti mmoja wa shule ya sekondari, katika kijiji kimoja cha Kitui. Alimwambia mama yake kwamba akienda haja ndogo anasikia kama amemwagiwa pilipili. Mama alinyamaza kidogo, halafu akamwuliza, "Umekuwa na nani?" Binti akalia, na kuanzia siku hiyo hakusema tena. Mama naye aliona haya kumpeleka dispensari, kwa maana nesi wa pale ni jirani yao na wanaimba pamoja kwaya. Akaenda sokoni, akanunua tembe nne za dawa ya kuua viini, akampa binti nyumbani. Siku ya pili akasikia nafuu. Mambo yakaisha, au walidhani yameisha.

Wiki iliyofuata binti alishikwa na homa na kutetemeka mpaka kitanda kikawa kinalia. Watu wakasema ni malaria. Akapewa dawa za malaria bila kupimwa, na homa haikushuka. Akaanza kutapika na kushika ubavu wa kulia. Tulipopata habari na kumfikisha hospitalini, daktari alisema viini vimepanda mpaka kwenye figo. Alilazwa siku sita, akitiwa dawa kwa mshipa.

Na sisi tukiri kosa letu. Siku ile tulipofika nyumbani kwao, mmoja wetu, mtu wa diploma na miaka mingi ya kazi, alimwuliza binti swali lile lile la mama yake, ila kwa maneno laini zaidi. Binti aligeuka akatazama ukuta. Kumbe hakuwa na mwanamume yeyote. Alichokuwa nacho ni shule yenye vyoo vibovu, na chupa ya maji ambayo haikujazwa.

UGONJWA WENYEWE NI UPI?

Mwili una figo mbili, moja kila upande wa mgongo, chini ya mbavu. Figo huchuja damu na kutengeneza mkojo. Mkojo hushuka kwa mirija miwili mpaka kwenye kibofu, ukae hapo hadi mtu aende haja. Kisha hutoka nje kwa mrija mmoja. Njia hii yote kwa kawaida ni safi, na kila tunapokojoa inaoshwa tena.

Mara nyingi viini vinavyoleta shida ni bakteria iitwayo E. koli. Hii si kitu kigeni. Inaishi katika matumbo ya kila mmoja wetu, askofu na mchungaji ng'ombe pia, na ikikaa huko tumboni kwa kawaida haina neno. Shida ni pale inapotoka kwenye njia ya haja kubwa ikaingia kwenye njia ya mkojo. Sasa tazameni umbo la mwanamke. Mrija wake wa mkojo una urefu wa kama sentimita 4 tu, na mlango wake uko karibu na uke na njia ya haja kubwa. Mwanamume mrija wake ni kama sentimita 20. Kwa hiyo kwa mwanamke safari ya viini ni fupi sana. Ndiyo sababu karibu nusu ya wanawake wote hupata ugonjwa huu angalau mara moja maishani. Masista hupata, walimu wa kike hupata, nyanya wa miaka 80 hupata, na hata mtoto mchanga hupata. Mtu akiwaambia kwamba ni ugonjwa wa malaya, mwulizeni huyo mtoto mchanga alikuwa na nani.

Hata hivyo tusifiche upande wa pili. Tendo la ndoa linaweza kusukuma viini vikaingia kwenye mrija, na kwa hiyo akina mama walioolewa karibuni huugua mara nyingi. Lakini hivyo ni viini vya mwili wake mwenyewe. Si lazima mume awe amevileta kutoka nje. Tumeona nyumba changa ikiingia vita kwa jambo hili, kila mmoja akimshuku mwenzake, na hakuna aliyekosa.

DALILI

Wakati viini viko kwenye kibofu, mama husikia kuchomwa anapokojoa. Huenda chooni kila mara na akifika hutoa matone tu, halafu kabla hajafunga mlango anasikia tena haja. Tumbo la chini, chini ya kitovu, huuma au kuwa zito. Mkojo huweza kuwa na ukungu, kunuka kuliko kawaida, au kuwa na damu kidogo. Kwa kawaida hakuna homa. Akitibiwa katika hatua hii, ni ugonjwa mdogo.

Viini vikipanda kwenye figo, hali inabadilika. Huja homa, kutetemeka kwa baridi, maumivu ya ubavuni au mgongoni chini ya mbavu, kichefuchefu na kutapika. Huyu asingoje kesho. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni kwa bodaboda ya mkopo. Viini vya figo vinaweza kuingia kwenye damu na kumwua mtu.

Hapa tuseme neno juu ya malaria na taifodi. Katika vijiji vyetu kila homa ina majina hayo mawili, na watu hunywa dawa zake kama chai. Ukiwa na homa, upimwe damu ya malaria, ndiyo, lakini mwambie nesi pia kama mkojo unachoma au ubavu unauma. Asipoambiwa hawezi kujua. Wasichana wengi husema "homa na kichwa" na kuficha la mkojo kwa aibu, na kwa hiyo hutibiwa ugonjwa ambao hawana.

Si kila mkojo unaochoma ni ugonjwa huu. Kama kuna uchafu unaotoka ukeni wenye rangi au harufu mbaya, au mwasho mkali, au vidonda, basi huenda ni ugonjwa mwingine wa uke, au ni ugonjwa wa zinaa kama kisonono au klamidia. Hiyo pia ina dawa, ila ni dawa tofauti, na kama ni ya zinaa mwenzake naye lazima atibiwe. Kwa ndugu zetu wa Pwani, kama Kwale, Kilifi na Tana River, damu kwenye mkojo yaweza kuwa kichocho, kinachopatikana kwa kuoga au kufua kwenye maji yaliyotuama yenye konokono. Na msichana au mama ambaye siku zake zimechelewa, na tumbo la chini linauma sana upande mmoja, akimbizwe hospitali, maana yaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mji wa uzazi.

Ndiyo maana tunasema apimwe. Macho ya mama mkwe hayawezi kutofautisha haya.

KUPIMWA MKOJO

Kipimo chenyewe ni rahisi, na dispensari nyingi wanacho. Nesi anachovya kijiti cha karatasi kwenye mkojo, rangi zinabadilika, naye anaona kama kuna dalili za viini. Pengine mkojo hutazamwa kwa darubini. Ikiwa ugonjwa unarudi rudi, au umefika kwenye figo, mkojo huoteshwa katika maabara ya hospitali kubwa ili wajue ni kiini gani na ni dawa gani itakiua. Jibu la kuotesha huchukua siku kama mbili au tatu.

Wengi hutoa mkojo vibaya, jibu likapotea. Osha sehemu za mbele kwa maji, au panguza kwa kitambaa safi chenye maji. Anza kukojoa chooni. Katikati ya kukojoa, ingiza kile kichupa upokee kidogo, halafu malizia chooni. Usiguse ndani ya kichupa kwa vidole. Kichupa kitoke kwa nesi. Si ile chupa ya dawa ya kikohozi uliyosuuza nyumbani. Mkojo ufike maabara mapema, usikae juani ukimsubiri mtu wa kuupeleka.

DAWA, NA ZILE TEMBE NNE ZA SOKONI

Turudi kwa yule mama na tembe zake nne. Hakuwa mjinga. Alikuwa na shilingi chache na aibu nyingi, na muuzaji hakumwuliza lolote. Lakini tuone kilichotokea. Tembe nne ziliua viini dhaifu na kuacha vile vigumu. Binti akasikia nafuu, viini vigumu vikazaana, vikapanda juu. Pia viini hivyo vilivyobaki hujifunza kuishi na dawa. Leo dawa kadhaa za zamani, ambazo zilikuwa zikitibu ugonjwa huu vizuri, zinashindwa mara nyingi katika Kenya na nchi nyingine kwa sababu ya desturi hii ya tembe mbili leo, tembe tatu mwezi ujao.

Kwa ugonjwa wa kibofu usio na matata, dawa moja ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika zile za kuanzia ni nitrofurantoini. Mara nyingi hutolewa kwa siku 5. Tunaitaja ili mtu akipewa asishtuke mkojo ukigeuka rangi ya kahawia. Hiyo ni dawa tu inatoka. Lakini dawa hiyo haifai kwa ugonjwa uliopanda kwenye figo, na haifai kwa mama aliye karibu kujifungua. Dawa nyingine, kama siprofloksasini, watu huipenda kwa kuwa "ina nguvu". Hiyo tuiachie daktari aamue, maana inahitajiwa kwa magonjwa makubwa, na kwa kawaida mwenye mimba hapewi. Mnaona basi kwa nini hatuandiki hapa "nunua hii, kunywa ile".

Ukipewa dosi, imalize, hata kama siku ya pili unasikia umepona. Usimgawie dada yako zilizobaki, zisibaki. Kama siku mbili au tatu zimepita na hakuna nafuu, rudi. Na yule ambaye ugonjwa umemrudia mara mbili katika miezi 6, au mara tatu katika mwaka, amwambie daktari hivyo hivyo kwa hesabu, ili mkojo uoteshwe na sukari ipimwe pia. Ugonjwa wa sukari hufungulia viini mlango.

Wakati unajitayarisha kwenda dispensari, kunywa maji na unaweza kumeza paracetamoli kwa maumivu. Juu ya miti shamba, tutasema ukweli. Kuna wanawake ambao viini vya kibofu hutoka vyenyewe bila dawa yoyote, na hao ndio husifu mizizi waliyochemsha. Hatubishani nao. Shida ni kwamba hakuna anayeweza kujua mapema ni nani atapona na ni nani atalala hospitali siku sita. Lakini hili tunalikataza kabisa: kujiingiza ukeni ndimu, chumvi, sabuni ya unga, dawa ya kuua viini vya nyumbani, au majani. Uke hujisafisha wenyewe, na una viini vyake vizuri vinavyoulinda. Ukiviua hivyo, umefukuza askari wa lango.

MAMA MJAMZITO

Mjamzito ni habari tofauti. Mimba hulegeza mirija na kuibana, mkojo hutembea polepole, na viini vinaweza kuwa ndani bila yeye kusikia maumivu yoyote. Visipotibiwa huweza kufika kwenye figo, na huweza kuleta uchungu kabla ya wakati, mtoto akazaliwa mchanga sana. Kwa hiyo mkojo upimwe kliniki hata kama hauchomi. Mama akifika kliniki na mkojo usiulizwe, aulize yeye: "Dada, na mkojo hampimi leo?" Ni haki yake.

CHOO NDICHO KINACHOLETA?

Wasichana wa shule za bweni husema, "Nimeshika ugonjwa chooni." Mama zao husema, "Ulikaa kwenye jiwe baridi." Jiwe baridi halina hatia. Na choo je? Viini havirukiki kutoka shimoni. Kama tulivyoona, mara nyingi vinatoka kwa mtu mwenyewe. Lakini wasichana hawakukosea kabisa, maana choo kibaya huleta ugonjwa kwa njia nyingine.

Yule binti wetu alitueleza baadaye, akiwa amepata nguvu. Choo cha wasichana shuleni mlango wake ulikuwa umeng'oka, na wavulana hupita hapo kwenda uwanjani. Hakuna maji ya kunawa. Kwa hiyo alijizoeza kutokunywa kitu asubuhi, na kuzuia mkojo mpaka afike nyumbani jioni. "Nikinywa maji nitaenda choo, na choo sitaki kuenda," alisema. Nyumbani nako maji ni ya kutekwa mtoni kwenye mchanga, na kila kikombe kina hesabu yake.

Tufanye hesabu kidogo. Bakteria hii ikipata joto na chakula inaweza kugawanyika kila dakika 20. Moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne. Baada ya saa 6, kwa hesabu ya karatasi, kiini kimoja kimekuwa zaidi ya 260,000. Mwilini mambo hayaendi sawasawa na karatasi, kwa kuwa mwili unapigana. Lakini mnaelewa kwa nini kibofu kinachooshwa mara kwa mara ni afadhali kuliko kile kilichofungwa tangu asubuhi.

Na maji si hadithi ya nyanya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulifuata wanawake 140 huko Bulgaria, ambao walikuwa wakiugua mara kwa mara na ambao walikuwa wakinywa maji kidogo. Nusu yao waliambiwa waongeze lita moja na nusu kila siku juu ya kawaida yao. Kwa mwaka mmoja, walioongeza maji waliugua kama mara 1.7 kwa kila mtu, na wengine mara 3.2. Karibu nusu ya ugonjwa iliondoka kwa chupa tatu za nusu lita. Ila sisi tunaosoma haya Ukambani tunajua lita moja na nusu ni nini wakati mto uko mbali na punda mmoja anatumikia nyumba tatu. Ndiyo maana maji hayawezi kuwa shauri la msichana peke yake.

Mengine ya kujikinga ni madogo: kujipangusa kutoka mbele kwenda nyuma, na kuwafundisha hivyo wasichana wadogo mapema, kukojoa baada ya tendo la ndoa, kubadilisha pedi au kitambaa cha hedhi mara kwa mara, na kukianika juani badala ya kukificha chini ya godoro. Dawa za kuua mbegu zinazowekwa ukeni huongeza hatari. Na pale ambapo wasichana bado wanakeketwa kwa siri, ingawa sheria ya 2011 imekataza, wajue kwamba kovu hilo, hasa la kushonwa, huzuia mkojo usitoke vizuri na kuleta ugonjwa huu maisha yote.

SWALI LA KUMWULIZA

Mama, binti akikwambia mkojo unachoma, mwulize hivi: "Umeanza lini? Una homa? Ubavu unauma? Twende tukapimwe." Basi. Kama kuna mambo mengine ya kuzungumza, yatakuja njiani mkitembea. Tena kama kuna mtu aliyemwingilia kwa nguvu, na hayo hutokea, hata ndani ya ukoo, binti atayasema tu kwa mtu ambaye hakuanza kwa kumshtaki. Likitokea hilo, afikishwe hospitali haraka, kabla ya saa 72 kupita, ili apewe dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Simu ya bure ya kusaidia watoto ni 116.

YA KUFANYA KIKUNDINI

Katika mkutano ujao, mmoja asome somo hili kwa sauti, akina baba wakiwapo. Halafu jadilini:

Ni mara ngapi tumenunua tembe bila kupimwa mwaka huu? Tusihesabu za jirani, tuhesabu zetu.

Kikundi chetu kina mfuko wa mzunguko. Je, tunaweza kutenga kiasi cha nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali usiku, bila kungoja zamu ya mtu?

Shule yetu ina wasichana wangapi na vyoo vingapi vya wasichana? Kipimo cha serikali ni choo kimoja kwa wasichana 25, na kimoja kwa wavulana 30. Chagueni watu wawili, mama mmoja na baba mmoja, waende wakahesabu, wakitazama pia mlango, komeo na maji ya kunawa. Katika kijiji cha yule binti, wazee watatu walipeleka mbao na bawaba siku ya Jumamosi, na kazi iliisha kabla ya saa saba. Mtungi wa maji, wa kuning'inizwa kwenye mti wenye kamba ya kukanyagia, ulitengenezwa na wasichana wenyewe. Zamu ya kuujaza bado inaleta ubishi, na safari hii tuliambiwa kidato cha nne ndio wanaoikwepa.